Bylakuppe, Tibet Iliyopandwa Kusini mwa India

Basi linalotoka Mysore kwenda Madikeri huchukua kama saa mbili kufika Bylakuppe, na kuelekea mwisho wa safari abiria mgeni huanza kugeuza shingo. Mashamba ni ya mahindi, joto ni lile lile la Karnataka, na ng'ombe wamelala barabarani vile vile. Lakini vibao vya maduka vinaanza kuwa na herufi nyingine, bapa juu na zilizochongoka chini. Vitambaa vya rangi tano vimetundikwa kwenye kamba kutoka mti hadi mti. Watawa wenye majoho ya rangi ya damu ya mzee wanapita na pikipiki, wamepakia mafungu ya mboga. Ni wakimbizi wa Tibet, na makazi yao hapa yana zaidi ya miaka 60.

Nilisoma famasia Mysore, mji uliopokea wanafunzi wengi kutoka Afrika Mashariki. Darasani tulikuwa na mwenzetu wa Kitibeti aliyezaliwa Bylakuppe, na ndiye aliyenipeleka kwao mara ya kwanza; baadaye nikazoea njia. Kulala sikuweza. Mgeni asiye raia wa India anahitaji kibali maalumu cha serikali ili alale kwenye makazi hayo, kwa hiyo nilifika asubuhi na kurudi na basi la jioni. Mama yake kila mara alinifungia mkate wa kula njiani.

Nilichokiona pale ndicho ninachotaka kukieleza. Tukizungumzia utamaduni wa watu walio mbali na kwao, mawazo hukimbilia ngoma, mavazi na mapishi ya sikukuu. Watibeti wanavyo vyote hivyo. Ila kilichowashikilia ni kwamba tangu miaka ya kwanza ya ukimbizi, kila sehemu ya maisha yao ilipewa watu wa kuisimamia, nyumba ya kukaa, fedha na ratiba: lugha ikapewa shule, tiba ikapewa chuo, vitabu vikapewa maktaba, muziki ukapewa kikundi chenye mishahara. Walikuwa bado wanalala kwenye mahema walipoanza kupanga hayo.

Historia yenyewe nitaipitia haraka. Jeshi la China liliingia mashariki mwa Tibet mwezi Oktoba 1950, na Mei 1951 wajumbe wa Tibet wakatia saini mjini Beijing mkataba wa vipengele 17. China inasema Tibet imekuwa sehemu yake kwa karne nyingi na kwamba iliikomboa kwa amani. Watibeti walio uhamishoni wanasema nchi yao ilikuwa inajitawala na kwamba saini hizo zilipatikana kwa kulazimishwa. Tarehe 10 Machi 1959 maelfu ya wakazi wa Lhasa walilizunguka kasri la Norbulingka wakihofia kwamba kiongozi wao, Dalai Lama wa 14, kijana wa miaka 23, angekamatwa. Usiku wa tarehe 17 alitoka amevaa mavazi ya askari, na tarehe 31 alivuka mpaka wa India. Watu wapatao 80,000 walimfuata.

Bibi wa mwenzangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa bado mtoto, hajui hata mwaka wake wa kuzaliwa, ila anakumbuka theluji ilivyomlowesha viatu vya ngozi na baba yake aliyemfunga miguu kwa sufi. Walishukia Assam, kwenye kambi ya Missamari iliyojengwa kwa mianzi. Kwake yeye, bonde lile lilikuwa baya kuliko mlima. Hawa walikuwa watu wa nyanda zenye mwinuko wa mita 4,000, wamevaa manyoya na sufi, mara wanajikuta kwenye joto la mvua za masika, wanakula wasivyovizoea. Kuhara na kifua kikuu viliua watu wengi. Mdogo wake alizikwa Missamari. Bibi alilisema hilo huku anamenya viazi, akaendelea kumenya, na mjukuu wake aliyekuwa akinitafsiria akanyamaza kidogo kabla ya kuendelea.

Serikali ya India iliwapeleka wengi wao milimani, kwenye baridi, wakapasue mawe ya barabara. Familia nzima ziliishi kando ya kazi kwenye mahema. Wanaume na wanawake walibeba kokoto kwa vikapu, watoto wakishinda kwenye vumbi. Kisha jimbo la Mysore, ambalo leo ni Karnataka, likatoa ekari zipatazo 3,000 za msitu, na mwishoni mwa 1960 kundi la kwanza likafika Bylakuppe kufyeka. Wakapewa mapanga na mbegu za mahindi, zao ambalo wengi wao, waliozoea shayiri na kuchunga yaki, hawakujua hata linavyopandwa. Msitu huo ulikuwa na tembo. Bibi aliniambia wanaume walijenga madungu juu ya miti, wakakesha wakipiga madebe na kuwasha moto, na bado kuna usiku tembo walimaliza shamba lote. Vijiji vile vya kwanza vilipewa namba, na hadi leo mtu akiulizwa kwao atakujibu kambi ya kwanza au kambi ya tatu, ingawa sasa kuna nyumba za matofali, maduka na benki.

Uamuzi uliookoa mengi ulifanyika mapema sana. Dalai Lama alimwomba Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru mambo mawili: wakimbizi wakae pamoja katika makazi makubwa badala ya kutawanywa, na watoto wao wawe na shule zao. Nehru alikubali, na serikali yake ikabeba gharama za shule. Shule ya kwanza ilifunguliwa Mussoorie tarehe 3 Machi 1960 na vijana 50. Miezi miwili baadaye, tarehe 17 Mei, watoto 51 waliokonda na kuumwa wakapelekwa Dharamsala, mji wa milimani kaskazini mwa India, kutoka kambi za barabara za Jammu, na Tsering Dolma, dada mkubwa wa Dalai Lama, akajitolea kuwalea. Alifariki mwaka 1964 na mdogo wake, Jetsun Pema, akaishika kazi hiyo hadi 2006. Kutoka kwenye kituo kile kilizaliwa kinachoitwa leo Tibetan Children's Village, mtandao wa shule za bweni zilizosomesha makumi ya maelfu.

Mwenzangu alisoma katika moja ya shule hizo, ile ya Bylakuppe. Wazazi wake, kama familia nyingi za makazi yale, kila ifikapo Oktoba walifunga nyumba na kwenda mijini kuuza sweta walizochukua kwa mkopo viwandani Ludhiana, na hawakurudi mpaka baridi iishe. Biashara hiyo ya kando ya barabara ndiyo iliyojenga nusu ya nyumba za Bylakuppe. Mtoto asingeweza kufuata sokoni, kwa hiyo alikaa shuleni. Bweni halikuwa ukumbi wenye vitanda mia. Lilikuwa nyumba, ina jiko lake na mama mlezi anayeitwa ama-la, yaani mama kwa heshima, na ndani yake watoto wa rika mbalimbali wamechanganywa kwa makusudi. Wakubwa wanawaogesha wadogo, zamu ya kupika inabandikwa ukutani. Kitibeti wanakisikia asubuhi wakiamshwa, wanakisikia jikoni, na ndicho wanachogombezwa nacho.

Masomo ya msingi hadi darasa la tano hufundishwa kwa Kitibeti, kisha Kiingereza kinachukua nafasi. Msomaji wa Tanzania aliyesoma shule ya serikali anaujua mpangilio huo na anajua maumivu ya kuvuka daraja lile. Tofauti ni kwamba wao waliamua kuufuata kwa sababu watoto waliosomeshwa kwa Kiingereza tangu mwanzo walikuwa wanamaliza shule bila kuweza kusoma barua ya nyanya zao. Wakakaa wakatunga maneno ya sayansi na hesabu, wakachapisha vitabu. Na mwandiko unafundishwa kwa ubao mrefu wa mbao na kalamu ya mwanzi, mtoto amekaa chini amepakata ubao, anaandika herufi 30 na alama nne za irabu, akimaliza anafuta na kuanza tena. Aliyewahi kupitia chuo cha Kurani pwani yetu angejiona yuko nyumbani.

Mimi na taaluma yangu, mahali nilipotaka sana kuingia ni zahanati ya Men-Tsee-Khang. Chuo cha tiba chenye jina hilo kilianzishwa Lhasa mwaka 1916. Chuo kingine cha zamani zaidi, Chagpori, kilichokuwa juu ya kilima tangu karne ya 17, kilibomolewa kwa mizinga mwaka 1959. Uhamishoni Men-Tsee-Khang ilianza upya mwaka 1961 mjini Dharamsala ikiwa na waganga wachache, na leo ina makumi ya matawi India na Nepal.

Mganga, wao humwita amchi, alikuwa mwanamke wa makamo. Alinishika mkono wa kushoto, kisha wa kulia, akibonyeza kwa vidole vitatu, kila kidole kwa uzito wake, akasikiliza mapigo kwa muda mrefu kuliko daktari yeyote aliyewahi kunipima. Akaniuliza ninavyolala na ninavyokula. Mgonjwa aliyetangulia alikuwa amekuja na mkojo wa asubuhi, na amchi aliukoroga kwa kijiti akitazama rangi, povu na mvuke. Dawa zilitoka kwenye mitungi iliyopangwa ukutani: vidonge vya mviringo, kahawia na vyeusi, vigumu kama kokwa za zabibu, vimefungwa katika vifuko vitatu, cha asubuhi, cha mchana na cha jioni, kila kimoja na mchanganyiko wake. Unavitafuna au kuvisaga, unateremshia maji ya moto. Ladha yake ni uchungu unaokaa mdomoni hadi chakula kinachofuata.

Nilimwuliza kama mfamasia anavyouliza: mimea inatoka wapi, nani anaipima, kipimo ni kipi. Mingi ya mimea hiyo inaota juu milimani tu, kwa hiyo wanafunzi wa chuo hupelekwa Himalaya kila kiangazi kuijifunza na kuichuma, na mingine inazidi kuwa adimu. Elimu yenyewe iko katika kitabu cha zamani kiitwacho Gyushi, chenye sehemu nne, na mwanafunzi hupimwa kwa kukariri sura zake mbele ya walimu. Kuna pia vidonge vya thamani, vinavyofungwa kimoja kimoja kwa kitambaa cha hariri chenye rangi, vikafungwa uzi na kutiwa nta, na baadhi yake vina zebaki iliyopitishwa hatua nyingi za kusafishwa. Zebaki inanitia hofu hata iwe imesafishwa vipi, na nilimwambia. Hakukasirika, alinieleza hatua zote za kuisafisha kwa subira. Hatukukubaliana, na bado namheshimu sana. Mwaka 2010 India iliitambua rasmi tiba hiyo, kwa jina la Sowa Rigpa, pamoja na tiba zake nyingine za jadi. Elimu iliyofika ikiwa kwenye vichwa vya waganga wachache sasa inatambulika kisheria katika nchi ya ugeni.

Kisa cha vitabu kinanigusa zaidi ya vyote. Watibeti waliokimbia walibeba vitabu, karatasi ndefu zisizoshonwa zilizofungwa kati ya mbao mbili, mgongoni, wengine wakiacha chakula ili wabebe kitabu. Vingi vilikuwa nakala pekee zilizobaki. Wakati huo India ilikuwa inanunua ngano ya Marekani na kuilipia kwa rupia, chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 1954, na rupia hizo ilibidi zitumike humo humo India. Sehemu yake ilitengwa kununulia vitabu vinavyochapishwa India kwa ajili ya maktaba za Marekani. Mwaka 1968 Mmarekani E. Gene Smith, aliyekijua Kitibeti vizuri, alianza kazi katika ofisi ya Maktaba ya Bunge la Marekani mjini New Delhi. Kwa miaka mingi akawa anawapokea nyumbani kwake malama, yaani walimu wa dini wa Kitibeti, waliokuja na mafurushi yao. Kitabu kikichapwa upya, maktaba inanunua nakala kadhaa, mchapaji anapata gharama zake, mwenye kitabu anarudishiwa cha kwake. Maelfu ya vitabu yaliokolewa hivyo, kwa fedha ya ngano. Mwaka 1999 Smith alianzisha kituo cha kuvihifadhi kwenye kompyuta; alifariki mwaka 2010, lakini leo mtawa wa Bylakuppe anaweza kufungua kwenye simu kitabu ambacho mwalimu wake alidhani kimeungua. Nako Dharamsala kwenyewe, Maktaba ya Maandishi na Kumbukumbu za Tibet ilikuwa imeshaanzishwa tangu 1970.

Watawa nao walipitia yao. Wapatao 1,500 waliwekwa Buxa, gereza la enzi za Waingereza kwenye misitu ya Bengali Magharibi, ili waendelee na masomo. Waliendelea, huku kifua kikuu kikiwapunguza. Kufikia 1970 waliobaki walihamishiwa kusini. Waliotoka monasteri ya Sera, kama mia tatu, walipewa sehemu Bylakuppe. Wa monasteri za Drepung na Ganden walikwenda Mundgod, kaskazini mwa jimbo hilo hilo. Leo Sera ya Bylakuppe ina maelfu ya watawa, na ukifika jioni utasikia kelele kabla hujaona kitu. Ni mdahalo. Mmoja amekaa chini, mwingine amesimama, anauliza swali la falsafa, ananyanyua mguu, anapiga makofi kwa nguvu usoni pa mwenzake na kukanyaga chini kwa kishindo: jibu! Akijikanganya, wenzake wanamzomea. Mamia wanafanya hivyo uwanja mmoja kwa wakati mmoja. Shahada ya juu, geshe, huchukua karibu miaka 20 ya mafunzo ya namna hii.

Kwa karne nyingi shahada hiyo ilikuwa ya wanaume. Desemba 2016, huko Mundgod, watawa wanawake 20 walitunukiwa, kundi la kwanza la wanawake kuipata, wakiitwa geshema. Jambo hilo halikuwahi kutokea Tibet yenyewe. Mtu asidhani basi kwamba uhamishoni kazi ilikuwa kulinda tu. Hata hisia ya kuwa Mtibeti imekua huku: zamani mtu alijitaja kwa eneo lake, Kham, Amdo au U-Tsang, kila moja na lafudhi inayomshinda jirani. Makambi na shule ziliwachanganya, wakaoana, na Kitibeti kinachosikika Bylakuppe leo kimejengwa juu ya lafudhi ya Lhasa. Mtu wa Amdo anayefika kutoka Tibet hulazimika kujifunza upya jinsi ya kuongea na ndugu zake. Ni hasara pia, na wazee wa Kham wanailalamikia.

Chakula sitakisemea sana. Tsampa, unga wa shayiri iliyokaangwa, inaliwa. Chai ya siagi na chumvi nayo ipo, siku hizi inasukwa kwa blenda ya umeme, lakini kwenye joto lile wengi wanakunywa chai ya maziwa ya Kihindi. Lhakar ndiyo iliyonivutia. Baada ya maandamano makubwa ya 2008 ndani ya Tibet na ukandamizaji uliofuata, watu walianza kuiteua Jumatano kuwa siku ya kuishi Kitibeti: kuvaa chuba, vazi lao la jadi, kununua kwa Mtibeti, kula chakula cha kwao, kusema Kitibeti bila kuchanganya. Mwenzangu alifanya hivyo hata Mysore. Jumatano alikuja maabara amevaa chuba ndefu chini ya koti jeupe, na ukimsemesha Kihindi alikujibu kwa kichwa tu.

Kuna kitabu kidogo chenye jalada la kijani ambacho kila Mtibeti wa uhamishoni anatakiwa kuwa nacho. Tangu 1972 watu hulipa humo mchango wa hiari kila mwaka kwa uongozi wao ulioko Dharamsala, na malipo hugongwa muhuri. Hakuna polisi wa kukulazimisha. Ila bila mihuri hiyo hupigi kura, na mtoto wako atapata shida akitaka ufadhili wa masomo. Kwa kitabu hicho Watibeti walioko India, Nepal, Uswisi, Marekani na kwingineko huchagua bunge na kiongozi mkuu, Sikyong. Mwaka 2011 Dalai Lama alikabidhi madaraka yake yote ya kisiasa kwa viongozi wa kuchaguliwa. Sikyong wa kwanza alikuwa Lobsang Sangay, mwanasheria aliyezaliwa Darjeeling, na tangu 2021 ni Penpa Tsering, aliyezaliwa Bylakuppe. Majirani wa bibi wa mwenzangu wanamtaja kama mtoto wa mtaani kwao.

Serikali hiyo haitambuliwi na nchi yoyote, kwa hiyo karatasi zinazohesabika ni za India: cheti cha usajili cha kuishi, kinachohuishwa kila baada ya muda, na hati ya njano ya kusafiria ambayo maofisa wengi wa viwanja vya ndege hawajawahi kuiona. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Delhi iliamua kwamba Mtibeti aliyezaliwa India kati ya 26 Januari 1950 na 1 Julai 1987 ni raia kwa kuzaliwa. Mama wa mwenzangu anaingia humo moja kwa moja. Hajaomba. Masharti yaliyofuata yalimtaka mwombaji arudishe karatasi za ukimbizi na aachane na stahili za makazi, na juu ya hayo, anasema, akiwa raia wa India nani atasema bado kuna nchi inayodaiwa? Kaka yake aliomba, akapata pasipoti, kwa sababu benki ilikuwa inamnyima mkopo wa sweta. Ndugu hawa wanakula meza moja na wanabishana kila sikukuu ya mwaka mpya, Losar, na kwa kweli nimeshindwa kusema nani kati yao ana makosa.

Wakati wao wanabishana, vijana wanaondoka. Hesabu ya mwaka 2009 iliwapata Watibeti 128,014 nje ya Tibet, 94,203 kati yao wakiwa India. Tangu hapo walioko India wamepungua sana. Uswisi iliwapokea wa kwanza miaka ya 1960, Marekani ilitoa viza 1,000 kwa sheria ya 1990, na leo mitaa ya Jackson Heights, New York, na Parkdale, Toronto, ina migahawa ya momo, chakula cha kwao, na shule za Jumapili za Kitibeti. Shule zile zile zilizolinda lugha ziliwapa watoto Kiingereza kizuri na shahada, na shahada zikawapeleka mbali. Mwenzangu mwenyewe ni mfamasia Kanada. Binti yake ana somo la Kitibeti saa mbili kwa wiki, mahali ambapo mama yake alikuwa nacho saa zote. Huko Bylakuppe madarasa yanaunganishwa kwa kukosa watoto, na nyumba nzuri zilizojengwa kwa dola zinalindwa na wazee.

Na wapya hawaji tena. Kabla ya 2008 watu elfu mbili au tatu walikuwa wakivuka Himalaya kila mwaka, wengi wao watoto waliotumwa na wazazi wakasome. Baadaye mpaka ulibanwa, wakawa makumi tu. Ndani ya Tibet, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza Februari 2023 kwamba watoto kama milioni moja wameguswa na mfumo wa shule za bweni za serikali zinazofundisha kwa Kichina. China inakanusha, inasema shule hizo zinasaidia vijiji vilivyotawanyika. Tashi Wangchuk, mwenye duka, alizungumza na gazeti la Marekani akitaka Kitibeti kifundishwe shuleni. Alikamatwa mwanzoni mwa 2016 na akatumikia kifungo cha miaka mitano. Bweni linaweza kulinda lugha au kuiua, inategemea mama mlezi anaongea nini jikoni.

Tarehe 6 Julai 2025 Dalai Lama alitimiza miaka 90. Siku nne kabla alitangaza kwamba cheo chake kitaendelea baada yake na kwamba taasisi yake, Gaden Phodrang, ndiyo pekee yenye mamlaka ya kumtambua mrithi. Beijing inasema lazima iidhinishe yenyewe. Watibeti wanajua maana ya hilo: mwaka 1995 Dalai Lama alimtambua mtoto wa miaka sita, Gedhun Choekyi Nyima, kuwa Panchen Lama, wa pili kwa cheo baada yake, na siku tatu baadaye mtoto yule akachukuliwa. Hajaonekana hadharani tangu hapo, na China ikamweka mwingine. Tashi Lhunpo, monasteri ya Panchen Lama, imejengwa upya Bylakuppe bila yeye.

Mtoto atakayetambuliwa kuwa Dalai Lama wa 15 atahitaji miaka kama 20 ya kusomeshwa kabla ya kuongoza. Mambo ya siasa katika kipindi hicho yatakuwa mikononi mwa Sikyong na bunge, ndiyo maana ya yale makabidhiano ya 2011. Kwa masomo atahitaji walimu wa falsafa, mantiki na maandiko, nao wanapatikana Sera, Drepung na Ganden za Karnataka, walikofunzwa na wanafunzi wa wale waliotoka Buxa. Wavulana wanaojiunga na monasteri hizo sasa wanazidi kutoka Ladakh, Spiti, Arunachal na Nepal, kwenye jamii za Himalaya zenye dini hiyo hiyo, na wengi wao Kitibeti cha Bylakuppe wanaanza kukisoma siku wanayopokewa.